Mbio za hisani na mvua ya Nairobi: vile mtu wa miaka sitini na kitu anaweza kukimbia na afurahie

Kama ushalipia mbio za hisani na tisheti iko kwa kabati, alafu Jumamosi jioni unaona mawingu yamejaa upande wa Ngong, usianze kutafuta sababu ya kubaki kwa blanketi kesho. Wewe enda. Mimi nimepita sitini, nakimbia polepole sana, na mbio zote nilizofurahia zaidi zilikuwa za mvua, juu kwanza hakuna jua la kukuchoma utosi, mwili haupati joto kupita kiasi, alafu watu wote wakishaloa hakuna tena mkubwa na mdogo, meneja wa benki na shosho wa Kawangware wote wanacheka vile raba zinatoa maji.

Lakini kuna namna ya kuifanya, na karibu yote inatoka kwa kitu kimoja ambacho nataka ukishike: mtu wa umri wetu kwa kawaida hashikwi na baridi akikimbia, anashikwa akisimama. Mwili unaokimbia ni jiko limewashwa, hata mvua ikinyesha unatoa joto lake mwenyewe. Ukisimama tu na nguo zimeloa, maji yanaanza kukuibia lile joto, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa kavu. Na sisi tumeshapunguza misuli, ngozi imekuwa nyembamba, hata kutetemeka hatutetemeki vizuri kama vijana, kwa hivyo tunasikia baridi ikiwa imeshaingia ndani kitambo. Sasa hesabu siku ya mbio utasimama wakati gani. Ni kabla ya kuanza, na ni baada ya kumaliza. Hizo nyakati mbili ndizo za kupanga. Katikati hapo ni raha yako.

Na mvua si bahati mbaya, angalia kalenda yenyewe. Masika hapa Nairobi ni Machi mpaka Mei, Aprili ndio inanyesha zaidi, alafu vuli inaingia Oktoba mpaka Disemba. Sasa panga mbio zetu hapo: Mater Heart Run, ile ya kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto ambao wazazi hawana uwezo, kwa miaka mingi imekuwa ya mwezi wa Mei pale uwanja wa Nyayo. Mbio za Beyond Zero za Mama Margaret Kenyatta, mke wa rais wa wakati huo, zilianza Machi 2014, pesa ikienda kwa kliniki za kuhamahama za kina mama na watoto. Nairobi Marathon ya Standard Chartered, tangu ianze 2003, tumezoea Oktoba, na miaka mingi ilichangia matibabu ya macho. Hata ile Nairobi City Marathon ya kwanza, watu walikimbia juu ya Expressway, ile barabara ya juu ya magari, ilikuwa Mei 2022. Yaani ukiwa mtu wa mbio za hisani Nairobi na hutaki mvua, huna mbio.

Kabla ya siku yenyewe

Sitakaa sana kwa mazoezi juu kila mtu ana mwili wake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima, hata wa zaidi ya miaka 65, apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwetu wakubwa wanaongezea mazoezi ya kusimama imara bila kuyumba, siku tatu ama zaidi kwa wiki. Hiyo ya pili watu wengi hawaifanyi na ndio hasa unahitaji kwa barabara yenye utelezi. Simama na mguu mmoja ukingoja chai ichemke, mkono uwe karibu na ukuta, badilisha mguu, maliza. Hakuna pesa inahitajika hapo.

Ukiwa na presha, sukari ama uliwahi kuambiwa kitu kuhusu moyo, ongea na daktari kabla ya kulipia, na umwambie ni mbio, usiseme tu mazoezi. Muulize kuhusu dawa zako kwa majina. Kuna dawa za presha zinafanya ukojoe sana, na kuna zile za kupunguza mapigo ya moyo, sasa ukivaa saa ya kuhesabu mapigo itakuonyesha namba ya chini na wewe unadhani umetulia kumbe umejichosha. Ukiwa unatumia hizo, achana na namba za saa, sikiliza pumzi yako.

Fanya mazoezi siku moja ya manyunyu makusudi, na nguo zilezile utavaa siku ya mbio. Msitu wa Karura ni pazuri sana kwa hiyo, hakuna magari na watu ni wengi, mtu hakimbii peke yake. Jua tu vitu viwili: lile tope jekundu linashika soli mpaka kiatu kinakuwa kizito na laini chini, kwa hivyo usilichukue kwa mbio kwenye mteremko, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwa misitu na mbuga za serikali, beba chupa yako ya kudumu. Ukirudi nyumbani angalia mwili wote. Pale pamechubuka leo ndipo patachubuka siku ya mbio, mara tatu zaidi.

Na kama una mgeni anatoka Mombasa kukimbia nawe, mwambie apunguze mwendo tangu mwanzo, tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari huku na pumzi yake haijazoea.

Jambo la pesa sasa. Ukilipa kwa M-Pesa soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, liwe la waandaaji wenyewe, na tisheti uichukue kwa vituo walivyotangaza. Tisheti ya kununua kando ya barabara inaweza kufanana kabisa na ile halali, lakini shilingi haimfikii mtoto anayengoja upasuaji, na huyo mtoto ndiye unamkimbilia.

Raba, nguo na vaselini

Wengi wetu tunanunua raba za mitumba, soko la Toi ama Gikomba, na hakuna ubaya, kuna raba nzuri sana huko ukijua kuangalia. Igeuze kwanza uone soli, ikiwa ile mistari imelika na kisigino kimekuwa laini achana nayo, kwa lami yenye maji itakuangusha. Alafu bonyeza na dole gumba ile povu ya ubavuni, kati ya soli na kitambaa. Ikibonyea na kurudi iko na maisha, ikiwa ngumu ama imejaa makunyanzi imekufa hata kama juu inang'aa. Mwisho ikunje kidogo uangalie pale gundi imeshikia, juu raba ikikaa sana kwa bale gundi inaanza kuachana polepole na maji ndio humalizia kazi. Muuzaji akikataa ukunje, enda kwa mwingine.

Usivae raba mpya siku ya mbio. Hata nzuri.

Soksi zisiwe za pamba. Pamba inanyonya maji na inakaa nayo, inajikunja chini ya kidole na kilomita mbili baadaye una malengelenge. Tafuta soksi nyembamba za michezo za nailoni ama polista, mitumba ziko, na usisahau pea ya pili kavu kwa begi.

Sasa tisheti. Kwa mbio nyingi za hisani tisheti ndio tiketi yako, lazima uivae, na mara nyingi ni ya pamba na wamekupa kubwa kuliko wewe. Ikiloa inakuwa nzito, inaning'inia na kukusugua kwapani na kifuani. Dawa yake ni kuvaa ndani kitu cha kubana cha polista, mikono mirefu kama asubuhi ni ya baridi, alafu tisheti ya mbio juu, na wakati wa kuichukua omba saizi ndogo kuliko ile umezoea. Namba ibandikwe kwa pini nne, kila kona moja, juu karatasi ikiloa na iko na pini mbili inajikunja na kung'oka.

Vaselini paka kwa wingi na bila haya: katikati ya vidole vya miguu, kisigino, mapajani kwa ndani, kwapani, pale sidiria inapita, na wanaume chuchu. Nguo iliyoloa mvua na jasho la chumvi inasugua ngozi pale inagusa, na hapo ndipo panachomeka mpaka unaoga ukipiga kelele. Ukiwa na miwani vaa kepi yenye mdomo mrefu, mdomo unazuia matone na utaona barabara, na kuona barabara kwa umri wetu ni nusu ya mbio. Simu ifunge kwa juala la mkate, lile la kuwekea mkate lenyewe, linatosha kabisa na utalitumia tena. Weka pia noti kadhaa za nauli humo, juu mvua ikinyesha nauli ya matatu inapanda na simu iliyoloa inaweza kukataa kufunguka ukiwa mlangoni na makanga anakungoja.

Sweta kuukuu ni lazima, ile hutajali kuipoteza, ama koti la mvua ukiwa nalo. Wakimbiaji wa ng'ambo hutoboa mfuko wa takataka wakavaa, lakini kwetu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, na koti la mvua la mitumba litakufaa miaka. Hiyo nguo ya juu kazi yake ni moja tu, zile saa za kusimama.

Asubuhi, na zile hotuba

Kula saa mbili hivi kabla, kitu tumbo lako linakijua. Uji, ndizi mbili, mkate na chai, ama nduma kama hiyo ndio kawaida yako. Si asubuhi ya kujaribu soseji. Maji kunywa kidogo kidogo hata kama husikii kiu, juu mvua inadanganya, mwili unatoa jasho lakini hulioni, na ukiwa mzee kiu yenyewe huchelewa kukuambia.

Toka mapema. Barabara zitakuwa zimefungwa, matatu zitakushukisha mbali, na utatembea. Hiyo kutembea ni nzuri, ihesabu ndani ya kupasha mwili moto.

Shida ni pale umefika. Unajua vile hafla zetu huenda, mwanzo umeandikwa saa moja, lakini kuna mgeni wa heshima, kuna mfadhili, kuna mwakilishi wa mfadhili, kuna maombi, kila mmoja anasema atakuwa mfupi, na wewe uko katikati ya umati mvua ikikuteremkia shingoni. Hapa ndipo wazee wengi hupoteza mbio zao kabla hata hazijaanza, wanaingia barabarani miguu imekuwa migumu kama mbao, goti linalia kilomita ya kwanza. Sasa fanya hivi: usiingie kwa msitari wa kuanzia mapema. Tafuta paa, jukwaa, hema la wafadhili, veranda ya duka, lori hata, na ukae hapo na sweta na koti lako. Kwetu sisi hakuna haja ya kuwa mbele, wanaokimbilia saa ndio wakae mbele. Kila dakika chache piga hatua papo hapo, inua visigino, zungusha mabega, fungua na kufunga vidole vya mikono. Misuli baridi usiivute kwa nguvu, ile ya kushika kiatu nyuma na kuvuta paja iache mpaka mwisho wa siku.

Alafu wale vijana wa mazoezi wakipanda jukwaani na muziki ukafunguliwa, toka kwa paa ukacheze. Nasema kweli, cheza. Kunyanyua mikono na kuzungusha kiuno na watoto wakikuangalia kunapasha mwili moto kushinda kitu kingine chochote utafanya peke yako kwa kona, na kunatoa ile aibu ya kuloa. Ukishacheza nyimbo mbili umeloa na huna habari.

Choo enda kabla ya foleni, maanake baridi inaleta mkojo na foleni za vyoo vya kukodi ni ndefu na ziko wazi kwa mvua.

Ukisikia wanahesabu kurudi nyuma ndio uvue sweta. Mpe mtu wa usafi ama kijana yeyote wa mtaani anayeitaka, usiitupe chini, kuna maelfu ya watu nyuma yako na nguo iliyoloa barabarani inafunga miguu ya mtu.

Barabarani

Wacha watoto wapite. Wacha vijana wapite. Kila mtu anatoka kwa kishindo, na wewe ukiingia kwa huo mwendo pumzi itakuisha mbele kidogo tu na raha nayo. Kimbia mwendo ambao unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukata. Ukianza kujibu neno mojamoja, tembea. Kukimbia dakika mbili na kutembea moja ni mpango mzuri sana kwa watu wetu, mradi utembee haraka, mikono ikienda, juu ukitembea kama mtu anayeangalia vitu kwa madirisha ya maduka baridi inakupata palepale. Na kama unataka kutembea mbio zote tembea, pesa yako imeshafika.

Hatua ziwe fupi na mguu utue chini yako, usiurushe mbele. Ukiteleza na mguu ulikuwa chini yako unajisimamisha, ukiteleza na mguu uko mbele unakalia lami, na nyonga ya miaka sitini na tano si ya kuchezea. Angalia hatua tano sita mbele, si miguuni.

Sasa vitu vya kuogopa kwa barabara zetu. Rangi nyeupe ya zebra na ya mistari, ikiloa ni utelezi mtupu, ruka kando. Vifuniko vya chuma vya mitaro, vilevile, na pale kifuniko kinafaa kuwa na unaona tu maji yametulia, zunguka, kinaweza kuwa kiliibiwa. Kidimbwi chochote huoni chini yake chukulia ni shimo. Kabro zenye ukungu wa kijani kando ya njia. Matuta, hasa upande wa kushuka. Na kama ni Oktoba ama Novemba, maua ya jakaranda: yanaanguka usiku kucha, asubuhi barabara imekuwa zambarau, inapendeza mpaka unataka kusimama upige picha, lakini lile ua likikanyagwa linatoa maji mazito na chini ya raba linateleza kama ganda la ndizi. Barabara nyingi za mjini huwa zimeinuka katikati ili maji yaende pembeni, basi na wewe kaa karibu na katikati, ndipo pakavu na ndipo pana mashimo machache.

Vidimbwi vidogo unavyoona chini yake, pita tu katikati. Ukishaloa umeloa, na kuruka huku na huku kukwepa maji ndiko kunavunja kifundo cha mguu. Mjukuu akiwa nawe mshike mkono mkanyage pamoja, hakuna mtoto atasahau siku shosho ama guka alikanyaga maji makusudi barabara ya lami katikati ya jiji bila gari hata moja.

Hiyo ndio sehemu yenyewe. Usiweke spika za masikio. Sikiliza, juu mbio za mvua zina sauti yake, maelfu ya raba zimejaa maji zikipiga chwa chwa chwa pamoja, kwaya ya kanisa fulani wanaimba huku wanakimbia, wanafunzi wa skuli wanapiga mayowe kila wakipita chini ya daraja, askari wa trafiki na koti lake la kung'aa anakuambia jikaze mama. Mjibu. Msalimie mwenye kiti cha magurudumu mkipishana, asante kwa wanaogawa maji, wao ndio wamesimama kwa mvua saa zote na hawana jiko la kukimbia. Saa iache nyumbani. Uliza mtu wa kando yako anakimbilia nani, mara nyingi kuna jina, kuna mtoto alifanyiwa upasuaji, kuna mama hakufika hospitali, na mkiongea hivyo kilomita inaisha bila kujua.

Kuna mambo ya kusimama kabisa. Maumivu kifuani, ama yanayokwenda kwa taya au mkono, pumzi isiyorudi hata ukitembea, kizunguzungu, moyo kurukaruka: acha, kaa chini, ita watu wa huduma ya kwanza, na usione haya. Namba ya dharura ya Red Cross ni 1199, iandike kwa simu leo. Ngurumo na radi zikikaribia, ingia kwa jengo ama kwa gari, si chini ya mti. Maji yanayovuka barabara kwa kasi usiyavuke hata yakiwa ya magoti, tulishaona Aprili 2024 vile maji ya jiji hili yanaweza kubeba. Waandaaji wakisema mbio zimesitishwa, zimesitishwa.

Na kama baridi imekushinda, toka. Marathon ya Boston kule Marekani ya 2018 ilikuwa mvua na upepo wa baridi kali, Geoffrey Kirui wetu alikuwa anatetea taji, akaongoza, na karibu na mwisho Yuki Kawauchi wa Japani akampita. Wakimbiaji wengi wa kulipwa siku hiyo waliacha njiani kabisa. Baridi ikishindana na hao, mtu mwenye wajukuu anaweza kupanda gari la wagonjwa bila mtu kumsema.

Ukimaliza

Umevuka msitari, wamekuvalisha medali, watu wanapiga picha, unasikia uko sawa kabisa. Hapo ndipo hatari imeanza, maanake jiko limezimwa na nguo bado zimeloa. Uko na kama dakika kumi. Picha moja, alafu tembea, usisimame, uende moja kwa moja kwa begi.

Begi lenyewe ulipange tangu jana kwa utaratibu wa kuvua, kitu cha kwanza kuvaliwa kiwe juu. Taulo ndogo, fulana kavu, sweta nzito, soksi, suruali, patipati, kofia ya sufu, na vyote viwe ndani ya juala kubwa la kudumu juu begi likiachwa kwa hema nalo hunyeshewa. Kina mama, leso ni mbili. Ya kwanza unaifunga juu ya kifua, kona moja unaishika kwa meno ama rafiki anakushikia nyuma, unavua kila kitu kilicholoa kikianguka miguuni, unajifuta, unavaa kavu ukiwa ndani ya leso hiyohiyo, na hakuna mtu ameona kitu hata mkiwa katikati ya uwanja. Ya pili ni ya kujifunika mabegani mpaka nyumbani. Wazee nao wamezoea kubadilisha tisheti tu na kubaki na kaptura iliyoloa na soksi za maji wakingoja nyama choma, na kesho yake mgongo umekaza. Badilisha yote. Anza na juu, kifua na kichwa, alafu miguu.

Chai ndio ifuate, ya tangawizi, ya moto, kutoka kwa themosi yako mwenyewe, usitegemee hema. Shika kikombe kwa mikono yote miwili mpaka vidole virudi. Kitu cha kula ndani ya saa hiyo, viazi vitamu na mayai, mandazi, supu ya mifupa kama kuna kibanda karibu. Pombe iache kwanza, unasikia joto usoni lakini inatoa joto la ndani ya mwili.

Angalia wenzako pia, hasa wale wamenyamaza. Mtu anatetemeka na haachi, anaongea maneno yakishikana, hawezi kufunga kifungo, ama alikuwa anatetemeka sana na ghafla ameacha bila kupata joto, huyo si wa kuambiwa atazoea. Mtoe nguo zilizoloa, mfunikeni, mkae naye karibu karibu, na mmoja wenu akimbie hema la huduma ya kwanza.

Kwa matatu omba kiti mbali na mlango. Jam ya mvua unaijua, unaweza kukaa barabara ya Haile Selassie saa nzima, kwa hivyo usipande ukiwa bado na kitu kimeloa mwilini ati utabadilisha nyumbani.

Nyumbani oga maji ya vuguvugu, si ya kuchoma. Raba toa soli ya ndani, osha tope, jaza magazeti, na ubadilishe hayo magazeti baada ya saa mbili tatu yakishanyonya, alafu tena kabla ya kulala. Usiziweke karibu na jiko wala juani kali, gundi inaachana. Tisheti kama ni nyekundu ifue peke yake mara ya kwanza. Kesho yake tembea dakika ishirini polepole hata kama mapaja yanalia, na kukimbia ungoje mpaka ushuke ngazi bila kushika ukuta, kwa wengine ni siku mbili, kwa wengine ni wiki.